Wapi Wakutane Vijana Wetu wa Kompyuta?



Siku moja baada ya sala ya Alasiri, tulipokuwa tukikunja mikeka ya darasa, walitujia vijana watano, mabinti watatu na wavulana wawili, wakaamkua na kukaa mbele yetu kwa adabu. Msemaji wao alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu ambaye tulimsomesha Juzuu Amma katika madrasa hii hii alipokuwa mdogo. Alisema kwamba wana chama kidogo cha watu wanaotumia kompyuta na kuandika programu. Kwamba desturi yao ni kukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akawaonyesha wenziwe alichojifunza na kilichomshinda. Na kwamba huu ni mwezi wa tatu hawajakutana kwa kukosa mahali. Walikuwa wanaomba chumba cha juu cha madrasa, alasiri moja tu kila mwezi.

Tukawajibu kwamba tutaliangalia. Wasomaji wetu wanaoijua lugha ya kamati watafahamu maana ya jibu hilo: ni "hapana" iliyovishwa kanzu.

Juma lililofuata mama yake binti yule alitukuta njiani tukitoka sokoni. Hakutufokea. Alituuliza hali, akatuuliza watoto, kisha akasema: "Sheikh, kila Ijumaa mwatuambia mabinti wasende mahotelini, wasirudi usiku, wasijifungie na wanaume maofisini. Twasikia na twatii. Baba yake amemkataza kwenda, naye amekoma. Sasa hukaa chumbani peke yake na kompyuta yake mpaka usiku wa manane, wala mimi sijui anazungumza na nani. Pasipofaa mmetuonyesha. Panapofaa ni wapi?"

Hatukuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu letu, na limechelewa majuma saba, kwa sababu ilitubidi kwanza tuondoke msikitini tukaangalie kwa macho yetu mahali ambapo vijana hawa walikuwa wakikutana, na mengine waliyofikiria yakawashinda.

Lazima kwanza tueleze vikao vyenyewe ni vya nini, kwa kuwa wazazi wengi wakisikia "mkutano wa kompyuta" hudhani ni biashara ya mtu au mchezo. Asili yake ni haja. Mwaka 1955 huko Los Angeles, Marekani, watu waliokuwa wakitumia mashine kubwa za IBM waliona kwamba kila mmoja anahangaika peke yake na tatizo lile lile alilokwisha kulitatua jirani yake. Wakaunda chama, wakakiita SHARE, yaani gawaneni. Miaka ishirini baadaye, tarehe 5 Machi 1975, kundi jingine lilikutana mara ya kwanza Menlo Park, California, katika banda la gari la mmoja wao aitwaye Gordon French. Miongoni mwa waliohudhuria usiku ule ni Steve Wozniak, kijana ambaye mashine aliyoibuni baada ya hapo na kuwaonyesha wenziwe chamani ilikuwa mwanzo wa kampuni ya Apple. Banda liliwatosha kwa siku chache tu. Kundi likakua, likahama mara kadha, mwisho likatua katika ukumbi wa mihadhara wa kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Stanford. Hata wao, katika nchi yenye mali yote ile, shughuli yao ya mwanzo ilikuwa kutafuta pa kukaa.

Hapa kwetu Kenya mambo yalichangamka baada ya nyaya za mawasiliano za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, ule wa TEAMS unaotoka Fujairah na ule wa SEACOM. Mwaka uliofuata, jijini Nairobi, ikafunguliwa iHub katika barabara ya Ngong, mahali pa vijana wa teknolojia kukaa, kufanya kazi na kukutana, na mwaka huo huo wakajitokeza akina dada wa AkiraChix kuwafundisha wasichana kuandika programu. Tunalitaja hili kwa sababu lina uchungu kidogo kwa watu wa pwani: nyaya zinatua ufukweni mwetu, zinapita chini ya miguu yetu, kisha faida yake tunaisikia redioni. Ni haki tuseme pia kwamba si kote. Kisiwani, katika Mji wa Kale, ipo Swahilipot Hub, ambapo vijana wa sanaa na wa teknolojia wana makao yao, na aliye karibu nayo hana haja ya kusoma makala haya hadi mwisho. Lakini sisi tuko Likoni. Binti anayetoka huku huvuka kivuko, hutafuta tuktuk au matatu upande wa pili, na jioni hurudi njia ile ile katika msongamano wa watu wanaotoka kazini. Kwa mkutano wa mara moja kwa mwaka, sawa. Kila mwezi, mama atachoka kumsubiri dirishani.

Tulianza na hoteli ya ufukweni, kwa sababu ndipo walipokutana mara tatu za mwisho. Tulipokewa vizuri. Chumba ni kikubwa, kina kiyoyozi, kina projekta iliyoning'inizwa darini, na ukiangalia chumba peke yake huna la kulaumu. Lakini ili ukifikie lazima upite mbele ya baa, na wanaokaa pale saa kumi na moja za jioni hawajakaa kuzungumzia programu. Malipo ya chumba yalikuwa ni kila mhudhuriaji kununua kinywaji na kitafunio kwa bei ya hoteli, na kwa mwanafunzi bei ile ni nauli yake ya juma zima. Tukauliza mahali pa kusali, tukaonyeshwa kona ya stoo ya mataulo. Mwenye hoteli hana kosa. Yeye amejenga hoteli. Kosa ni letu tuliowaachia vijana hoteli iwe ndio ukumbi wao pekee.

Mkahawa ulikuwa wa pili. Hapo tatizo si maadili, ni makelele. Mtu akieleza jambo lenye hatua kumi na mbili, na kwenye hatua ya saba mashine ya juisi ikaanza kunguruma, itabidi arudi mwanzo. Tena mwenye mkahawa anataka meza zake zizunguke wateja, naye ana haki.

Ofisi ya kampuni ilituchanganya kidogo. Kijana mmoja kazini kwake walimkubalia atumie chumba cha mikutano siku za Jumamosi jioni. Ni bure, umeme upo, intaneti ni ya kasi. Lakini jengo siku hiyo huwa tupu, mlango wa chini hufungwa, na mwenye ufunguo ni mmoja. Wakitokea watu ishirini, hakuna ubaya wowote. Wakitokea wawili, mvulana na msichana, katika ghorofa ya nne iliyofungwa, tumeshaingia katika khalwa bila ya yeyote kuikusudia. Sharia haikungoja nia mbaya iwepo ndipo ikataze khalwa. Imefunga mlango mapema. Vijana wenyewe walikiri kwamba jambo hilo lilitokea siku moja ya mvua, na kwamba binti alisimama nje barazani nusu saa nzima akiloa kwa kusubiri wa tatu aje. Tulimheshimu sana kwa hilo, na tukaona aibu kwa niaba ya mji wake.

Shule ilitaka barua, na barua ilitaka sahihi, na mwenye sahihi alikuwa safarini. Maktaba ya umma ni mahali pazuri pa kusoma, lakini watu wanaofundishana kwa sauti hawawezi kuwa wageni wema wa maktaba. Tusipoteze wakati hapo.

Nyumba ya mtu ndiyo iliyotufikirisha zaidi. Sisi watu wa pwani hatukuwa wageni wa kujenga kwa ajili ya vikao. Nyumba ya zamani ya mawe kule Lamu humpokea mgeni kwa hatua: ana daka penye viti vya mawe, akikaribishwa huingia ndani zaidi, hadi uani ambapo wenyewe hupaita kiwanda, na wageni wa kiume hawakuhitaji kuufika upande wa wanawake. Mjenzi alijua kwamba watu watakuja, akawawekea pa kukaa bila ya kuwavunjia wenye nyumba stara yao. Nyumba zetu za leo, vyumba viwili na sebule, mgeni akivuka kizingiti tu ameshafika kitandani. Watu ishirini na laptopu zao hawaingii. Hata hivyo tusiidharau nyumba. Mtume wetu (s.a.w.) hakuanza kufundisha katika ukumbi. Alianza katika nyumba ya Al-Arqam bin Abil-Arqam (r.a.), karibu na Swafaa, na humo ndimo Sayyidna Umar (r.a.) alimoingia akasilimu. Al-Arqam alikuwa kijana. Alitoa alichokuwa nacho, nacho kilikuwa ni mlango na paa.

Kuna hadithi nyingine katika Sahih Bukhari, iliyopokewa na Abu Said al-Khudri (r.a.), ambayo tuliisoma upya majuma haya kwa jicho jingine. Wanawake walimjia Mtume (s.a.w.) wakamlalamikia kwamba wanaume wamewashinda katika kumpata, na kwamba wanataka siku yao ya kufundishwa. Sisi masheikh huitaja sana hadithi hii kuthibitisha kwamba elimu ya mwanamke ni wajibu, tukishamaliza huteremka mimbari. Lakini katika mojawapo ya mapokezi yake, Mtume (s.a.w.) hakukubali ombi tu. Aliwataja siku ya kukutana, akawataja na mahali, kisha akawaendea yeye mwenyewe. Hakuwaambia kwamba ataliangalia. Tulipofika kwenye maneno yale usiku mmoja tulifunga kitabu tukakaa kimya kwa muda.

Basi tukarudi kwenye msikiti na madrasa yetu, mahali ambapo vijana walianzia.

Wapo miongoni mwa wenzetu waliosema kwamba msikiti ni wa sala na dhikri, na kompyuta ni dunia. Hatukatai kwamba msikiti una heshima yake. Lakini Mtume (s.a.w.) alipokea wajumbe wa makabila msikitini mwake, aliwalaza mafakiri wa Suffa humo, na Wahabeshi walicheza na mikuki yao humo siku ya Idi naye Bibi Aisha (r.a.) akiwatazama. Kilichokatazwa wazi ni kuuza na kununua, na kutangaza kitu kilichopotea. Kwa hiyo kujifunza ufundi wenye manufaa hakuchafui msikiti. Kampuni ikija na bango lake la bidhaa kulitundika ukutani, hilo ndilo litakalotoka nje.

Pamoja na hayo yote, hatukuwapendekezea vijana ukumbi wa msikiti, na sababu yake akina mama watakuwa wameshaifikiria kabla yetu. Katika madhehebu yetu ya Shafii mwanamke aliye katika siku zake hakai msikitini. Ukiufanya msikiti kuwa ndio mahali pa mkutano, kila mwezi utakuwa umewafungia nje baadhi ya mabinti, tena kwa namna ya kuwatahayarisha, kwa kuwa asiyekuja ataulizwa kwa nini hakuja. Wajumbe wa kamati, wote wanaume, walikuwa wameshajadili suala la msikiti kwa saa nzima bila ya hata mmoja kulikumbuka jambo hili. Lililikumbuka bibi mmoja anayefagia madrasa, aliyekuwa akisikiliza mlangoni na ufagio wake. Chumba cha juu cha madrasa hakikuwekwa wakfu kiwe msikiti. Ni jengo la mafunzo lililo ubavuni, na lina ngazi yake ya nje. Hukumu yake ni nyingine. Tuliufungua waraka wa wakfu, kwa sababu sharti la aliyeweka wakfu haliguswi kwa matamanio yetu, tukakuta ameandika kwamba jengo ni la kusomeshea watoto wa Kiislamu yatakayowafaa katika dini yao na maisha yao. Marehemu huyo aliona mbali kuliko kamati yake.

Wala fikra hii si ngeni katika pwani yetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho watoto wetu wengi wanasoma leo, kilianza kikiwa taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojengwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Ikawa politekniki mwaka 1972, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wazee waliochangia hawakuona kwamba kumfundisha kijana mitambo ni kumtoa katika dini.

Ruhusa ilipopatikana tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ruhusa ilikuwa sehemu nyepesi. Tunayaandika yanayofuata kwa urefu kidogo kwa sababu kamati nyingine zitayahitaji, na kwa sababu sisi hatukuyajua.

Jambo la kwanza ni saa. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili watoto wako darasani. Usiku hautakikani. Kinachobaki ni kati ya Adhuhuri na Magharibi, na katikati yake ipo Alasiri, ambayo huku kwetu huingia baina ya saa tisa na saa kumi kulingana na msimu. Vijana walikuwa wamezoea kuanza saa kumi na kumaliza saa moja, yaani Magharibi iwakute katikati ya maneno. Tukawapangia Jumapili saa nane mchana, wavunje kwa sala ya Alasiri, warudi, na saa kumi na moja na nusu chumba kiwe kitupu. Magharibi haiingii kabla ya saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo binti anayeishi mbali anafika kwao kukiwa bado kweupe. Walipokubali saa hizo, wazazi wanne waliokuwa wamekataza waliondoa makatazo yao bila ya kuongezewa neno jingine. Kumbe walichokuwa wakikikataa ni giza.

Jambo la pili ni umeme. Chumba kilikuwa na soketi moja, iliyowekwa kwa ajili ya feni. Laptopu moja ikichajiwa hutumia kiasi cha wati 65. Ishirini ni wati 1,300. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000, kwa hiyo kwa hesabu inatosha. Siku ya kwanza kabisa mtu mwema akaleta birika la umeme ili watu wapate chai ya Alasiri, akalichomeka kwenye ekstensheni ile ile. Birika peke yake ni wati 2,000. Fyuzi ikakatika kwa mlio, feni ikasimama, na chumba kizima kikasema "Innaa lillaahi". Hakuna aliyeumia, lakini waya wa ekstensheni, ambao ulikuwa umeachwa umeviringishwa, ulikuwa moto mkononi. Fundi alikuja Jumatatu akatuwekea soketi sita ukutani kwa laini yake peke yake. Chai sasa hupikwa nyumba ya pili, kwa makaa, na inakuja katika chupa. Tokeni za stima hununuliwa na vijana wenyewe. Tulisoma mita kabla na baada ya mkutano ili isisemwe kwamba wakfu unaliwa.

La tatu ni intaneti, nalo lilitupa somo la hesabu. Tulidhani mtandao wa madrasa utatosha. Binti yule akachukua chaki akaandika ubaoni: ikiwa watu 20 kila mmoja anashusha programu ya megabaiti 500, jumla ni gigabaiti 10, na kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, kazi hiyo itachukua saa mbili na dakika kumi na tatu, na hapo ni kama hakuna mwingine anayeutumia. Mkutano utakuwa umekwisha. Kwa hiyo mmoja wao hushusha kila kitu usiku wa kuamkia siku hiyo, akaja nacho katika flashi, wengine wakanakili. Kuta zetu za mawe ya matumbawe nazo huyameza mawimbi ya rauta. Iliyokuwa chini ofisini haikusikika juu, ikabidi ipandishwe ngazini. Yote haya hayakugharimu pesa nyingi. Yaligharimu mtu wa kuyafikiria kabla.

La nne ni pesa na wanaozitoa. Habari zilipoenea, kampuni moja ya kamari ya mtandaoni ilimpigia kijana mmoja simu, ikajitolea kulipia vyakula, fulana na mtandao wa mwaka mzima. Hatutaitaja. Tunamshukuru Mungu kwamba kijana alikataa kabla hata ya kutuuliza, na alipotuhadithia alisema tu kwamba baba yake mdogo aliuza pikipiki yake kwa sababu ya watu hao. Sasa kila mmoja huchanga shilingi 50, na asiyekuwa nazo haulizwi. Mahamri na kaimati za mchango huo ni bora kuliko zile za hoteli, na hapa hatusemi kama sheikh. Tunasema kama mlaji.

Kuhusu kukaa kwao: mabinti upande mmoja, wavulana upande mmoja, ubao mbele, na mlango wazi. Hatukuweka pazia. Wapo waliotaka tuliweke, tukawauliza je, madarasani mwao chuo kikuu wanakaa vipi, na ni nani aliye na adabu zaidi, aliyewekewa pazia au aliyefundishwa kuinamisha macho? Wenzetu hawakuridhika wote, na tunaiheshimu rai yao. Tuliafikiana juu ya mambo mawili: kuwe na mtu mzima daima, mwanamke, ndani ya chumba; na asipigwe yeyote picha bila ya idhini yake, wala picha isitumwe mtandaoni. Sharti hili la pili vijana walilishangilia kuliko sisi. Mabinti wawili walitueleza kwamba waliacha vikao vya zamani kwa sababu hiyo hasa: picha zao zilikuwa zikitangazwa kuonyesha kwamba "wanawake wapo", bila ya wao kuulizwa.

Mtu mzima aliyejitolea kukaa nao ni nyanya yake binti yule. Alikuja na kiti chake, na ukili wa mkeka anaosuka, akakaa karibu na dirisha. Mwezi wa kwanza hakusema neno. Mwezi wa pili, vijana wakiwa wanabishana juu ya programu ya kuweka hesabu za vyama vya akina mama, vile vya kuchangiana kila juma mmoja akapewa zote, nyanya aliuacha ukili wake akawaambia kwamba wamekosea: mwanachama akifiwa, zamu yake husogezwa mbele, na programu yao haina nafasi ya jambo hilo. Walimwita mbele. Alieleza kwa robo saa jinsi mchezo unavyokwenda, anayedaiwa afanywe nini, na mwenye kuhama mji je. Wakaandika yote. Hatuna hakika kama Stanford waliwahi kupata mwalimu wa namna hiyo.

Yapo yasiyotengemaa bado. Choo kiko chini, na ngazi ya nje haina taa. Kwa binti mmoja anayetumia kiti cha magurudumu ngazi hiyo ni ukuta. Kwa sasa wenziwe humpandisha, jambo ambalo yeye halipendi na sisi hatulipendi, na fundi anatupimia mteremko wa kuingilia darasa la chini, ingawa la chini lina joto na pepo za kaskazi hazilifikii. Na mjumbe mmoja wa kamati bado hajaongea nasi tangu tulipopiga kura.

Katika Surat al-Mujadila, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewaamrisha Waumini wanapoambiwa wafanye nafasi katika vikao, waifanye, naye atawafanyia nafasi. Tumeisomesha aya hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mara tuliieleza kwa kuwaambia watoto wasogeleane mkekani ili aliyechelewa apate pa kukaa, na maelezo hayo ni sahihi. Hatukuwahi kumfikiria aliyekuwa bado yuko nje ya mlango.

Mkutano ujao ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, chumba cha juu, ngazi ya upande wa mwembe. Mama yule aliyetusimamisha njiani ameomba naye aje, na ameuliza kama lazima awe na kompyuta. Tumemwambia aje na kiti, kwa sababu viti havitoshi.